Kabari nyuma ya siti

Nyuma ya siti ya pikapu ya baba nilikuta vitu vinne, kabari ya mti, dumu la maji la lita 5, teipu nyeusi ya umeme na tochi ambayo betri zake zilishavuja zamani. Nikavitoa vyote nikavipanga chini pembeni, nikaona ni vitu tu vya kwenye gari, kila gari ina vyake. Kabari ndo nilikaribia kuitupa kabisa. Ni kipande cha mti mgumu kimechongwa kwa mkono upande mmoja, kimekuwa cheusi kwa grisi na kwa kushikwashikwa, na kwenye ule upande wa mteremko meno ya tairi yameacha alama, tena siyo alama ya siku moja, ni alama juu ya alama.

Mama ndo alinizuia. Akaniambia, "Hiyo usitupe mwanangu, hiyo ndo hendibreki ya baba yako."

Kile alichosema mama siku ile ndo kimebadilisha namna nilivyoitengeneza hii gari, na ndo maana nakaa naandika haya yote, kwa yeyote aliyeachiwa gari na mzazi na hajui aanzie wapi.

Pikapu yenyewe ni ya mwaka 1996, dizeli, injini ya lita 2.8 isiyo na tabo, gia za mkono, springi za bapa nyuma, breki za diski mbele na za dramu nyuma. Dashibodi inasoma kilometa 294,316. Baba aliacha kuendesha miaka miwili iliyopita, mwaka jana akatutoka, na ile miaka kama mitatu kabla hajaacha alikuwa anaendesha huku anaumwa. Ukijumlisha unapata miaka mitano gari haijapata matunzo ya maana, ukiacha filta ya oili. Najua hivyo kwa sababu baba alikuwa na tabia nzuri sana ya kuandika kwa maka peni juu ya kila alichobadilisha, filta ya oili ina tarehe na kilometa, betri ina tarehe, filta ya dizeli ina tarehe, na tarehe ya mwisho niliyoikuta kwenye gari nzima ni ya filta ya oili, miaka mitatu na nusu nyuma. Baada ya hapo kimya.

Nilikuwa nimeshaandaa orodha yangu kutoka kwenye kitabu cha gari, kila kilometa elfu kadhaa fanya hiki, kila miaka miwili fanya kile, na kanuni niliyojiwekea ilikuwa moja, kitu ambacho sina uhakika kilifanyika nakihesabu hakijafanyika. Bado naiamini hiyo kanuni. Lakini orodha ya kitabu haikuambii uanze na nini wakati kila kitu kimechelewa, na pesa haziji zote siku moja, na wewe mwenyewe una Jumamosi tu. Kwa hiyo niliposikia habari ya hendibreki nikaacha spana, nikavuta stuli, nikamwomba mama anisimulie baba alikuwa anaiendeshaje hii gari.

Akasimulia. Wakifika popote baba hazimi injini kwanza, anasubiri mama ashuke na kabari aisukumize chini ya tairi, ndo anazima. Akipaki lazima atafute sehemu yenye mteremko, pua ya gari iangalie chini, hata kama kuna nafasi nzuri mlangoni kabisa wao watapaki mbali wakatembee. Breki anakanyaga mara mbili, ya kwanza nyepesi, ya pili ndo yenyewe. Dumu la maji lazima lijae kabla ya safari. Gia namba mbili akitaka kuiingiza anatulia kidogo katikati kama mtu anayevuta pumzi. Mama alikuwa ananihadithia haya kama tabia za mume wake, siyo kama matatizo ya gari, kwake gari ndo ilivyo. Na mimi namsikiliza huku mwili unasisimka kwa sababu kila tabia aliyoitaja ni ubovu fulani, ananipa ripoti ya fundi bila mwenyewe kujua.

Ukifikiria inaingia akilini. Ubovu wa gari ya zamani hauji siku moja, unakuja milimita kwa milimita, na dereva ambaye yuko nayo kila siku mguu wake unazoea, mkono unazoea, mpaka anakuwa anaziba pengo bila kufikiri. Kwake yeye gari ni nzima. Akiondoka anaondoka na yale mazoea na wewe unabaki na ubovu mtupu, unakaa kwenye usukani unakanyaga breki mara moja kama unavyokanyaga gari nyingine na haishiki. Kwa hiyo kama umerithi gari, kabla hujafungua boneti tafuta mtu aliyekuwa anakaa siti ya abiria, mama, mdogo wako, jirani aliyekuwa anapewa lifti, muulize mzee alikuwa anafanya nini. Usiulize "gari ina tatizo gani", atakwambia haina. Uliza alikuwa anapaki wapi, anawashaje, anabeba nini nyuma ya siti.

Basi nikaanza na kabari, maana breki ndo kitu cha kwanza kwenye gari yoyote, injini isipowaka utakaa nyumbani lakini breki zisiposhika kuna mtu ataumia.

Nikapiga jeki nyuma. Hapa naomba niseme kitu na nakisema kwa moyo wote, jeki ni ya kunyanyulia tu, siyo ya kushikilia. Ukishanyanyua weka stendi za chuma chini ya ekseli au chesisi, kwenye ardhi ngumu, matairi yanayobaki chini yazuie kwa kabari pande zote mbili. Usiweke mawe, usiweke tofali, tofali linapasuka bila taarifa. Kabla hujaingia chini isukume gari kwa bega uone kama inatikisika.

Dramu za nyuma zilikataa kutoka. Nyingi zina matundu mawili madogo yenye nyuzi usoni, unaingiza bolti mbili unakaza taratibu huku na huku kwa zamu, dramu inajisukuma yenyewe, hauhitaji kuipiga nyundo mpaka ipasuke. Ya kushoto ikatoka na sauti kama mlango wa bati, na ndani nikakuta kumelowa. Siyo maji. Ni oili nzito nyeusi inanuka vile oili ya difu, yale magia ya katikati ya ekseli ya nyuma, inavyonuka, ile harufu kali ya salfa ambayo ukishaisikia mara moja hauisahau, imepaka viatu vya breki vyote viwili na imeshikana na vumbi imekuwa kama lami. Hapo huwezi kuwa na hendibreki hata ukivuta mpaka mkono uume, kiatu kinateleza tu kwenye dramu.

Mtu wa haraka angebadilisha oili sili ya ekseli, ile raba inayozuia oili isitoke, na viatu, akafunga, akaenda. Na mimi nilitaka kufanya hivyo hivyo. Ila fundi mmoja mtu mzima, ambaye ndo alinisaidia kazi zilizonizidi, akaniuliza swali moja: "Briza umeiangalia?" Nikamjibu, "Hapana fundi, hata sijui iko wapi." Briza ni kale kapipa kadogo juu ya nyumba ya ekseli, kana kofia inayocheza, kazi yake ni kuruhusu ekseli ipumue. Ukiendesha, difu inapata moto, hewa ya ndani inatanuka, lazima itoke sehemu. Yetu ilikuwa imezibwa na tope lililokauka likawa jiwe, kofia haichezi kabisa. Hewa ikikosa pa kutokea inatafuta sehemu dhaifu kuliko zote, na sehemu dhaifu ni sili za ekseli, inazisukuma na oili inafuata nyuma. Yaani tope la ukubwa wa punje ndo lilimfanya mama yangu ashuke na kabari kila kituo kwa miaka yote ile. Ningebadilisha sili bila kuizibua briza, ndani ya miezi michache ningerudi pale pale.

Nikaizibua kwa waya na mafuta ya taa mpaka kofia ikacheza. Sili mpya pande zote mbili, viatu vipya pande zote mbili (usibadilishe upande mmoja hata kama wa pili unaonekana mzuri, gari itavuta upande), dramu nikaziosha na kuzipima, kipenyo cha mwisho kinachoruhusiwa huwa kimegongwa kwenye dramu yenyewe, zetu bado zilikuwa na uhai. Vumbi la breki usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa, viatu vya zamani vingine vilitengenezwa kwa asbesto, lowesha ufute kwa kitambaa kibichi.

Alafu ile habari ya kukanyaga mara mbili. Nayo ilikuwa humo humo. Kwenye breki za dramu kuna kinyota cha kurekebisha umbali kati ya kiatu na dramu, vya kwetu vilikuwa vimeshikana kwa kutu, kwa hiyo viatu vilivyozidi kuisha pengo likazidi kuwa kubwa, kanyago la kwanza linamalizikia kusogeza viatu, la pili ndo linabana. Nikavifungua, nikavisugua, nikapaka grisi ya breki kidogo sana kwenye nyuzi, nikavirekebisha mpaka tairi ikizungushwa unasikia mkwaruzo mwepesi. Hapo ndo unagusa kebo ya hendibreki, siyo kabla, watu wengi wanakimbilia kukaza kebo wakati tatizo liko ndani ya dramu.

Mafuta ya breki yalikuwa meusi. Haya mafuta yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani, hata gari ikiwa imekaa tu yananyonya. Yana madaraja yake, DOT 3 mpya lazima ivumilie angalau nyuzi joto 205 kabla ya kuchemka, ikishanyonya maji kiwango kinachohesabiwa kwenye vipimo kinashuka mpaka 140. DOT 4 ni 230 na 155. Yakichemka kwenye mteremko mrefu unapata mvuke kwenye paipu, mvuke unabonyea, mguu unazama mpaka chini. Ndo maana gari nyingi zinashauriwa kubadilisha kila miaka miwili, na yetu ilikuwa haijabadilishwa miaka mitano kwa uchache. Mdogo wangu akakaa ndani mimi nikalala chini, tukatoa upepo kuanzia tairi la mbali kabisa na masta silinda tukarudi mbele, "kanyaga!", "shikilia!", nafungua nipeli, nafunga, "achia!", tukafanya hivyo mpaka jioni yakatoka masafi kama maji. Ile valvu ya nyuma yenye fimbo inayoshikana na ekseli, inayopima mzigo ili breki za nyuma zipate nguvu kulingana na uzito, fimbo yake ilikuwa imeganda kwa kutu, nikailegeza ikarudi kucheza. Kama una pikapu iangalie, watu wengi hawajui hata kama ipo.

Wiki iliyofuata nikageukia dumu la maji.

Hapa niseme ukweli niliogopa. Gari inayokunywa maji mtu wa kwanza utakayemuuliza atakwambia gasketi ya silinda hedi imekwenda, na ukisikia hivyo unaanza kuhesabu pesa ambazo huna. Lakini oili ilikuwa haina rangi ya maziwa, kwenye rejeta hakuna povu wala mafuta yanayoelea, moshi siyo mweupe injini ikishapata moto. Nikajiambia ngoja nianze na kitu cha bei ndogo kuliko vyote, mfuniko wa rejeta. Ule mfuniko siyo kifuniko kama cha chupa, una springi inayotunza presha, wa kwetu umeandikwa 0.9, maana yake unatunza presha hiyo ya baa kabla ya kuachia, na maji yakiwa kwenye presha hiyo hayachemki kwenye 100, yanafika karibu 118. Springi ya mfuniko wetu ilikuwa imekatika. Kwa hiyo maji yalikuwa yanachemka mapema, yanamwagikia nje kwenye kile kipaipu cha pembeni, hakuna dimbwi utakaloliona chini ukipaki, na baba anaongeza, anaongeza, anaongeza, maji ya bomba matupu bila kuulanti, ile dawa ya rejeta, na maji ya bomba ndani ya chuma yanaleta kutu na magadi. Nilipofungua koki ya chini yalitoka maji mekundu ya tofali. Niliflashi mara sita.

Na kwenye kuflashi nikafungua nyumba ya themostati, kale kamlango kanakofunguka maji yakipata moto ili yaende kwenye rejeta, nikakuta hamna kitu. Mtu aliitoa zamani. Hii ni kawaida sana, gari ikichemsha mtu anasema toa themostati maji yapite huru, na mimi nilikuwa naamini hivyo. Kumbe kwenye injini ambazo maji yana njia ya pembeni ya mzunguko mfupi, themostati ikifunguka ndo inaziba ile njia ya pembeni, sasa ukiitoa njia inabaki wazi muda wote, sehemu ya maji yanazunguka kwenye injini tu bila kupita kwenye rejeta kupoa. Na kwa upande mwingine asubuhi injini inachelewa kupata moto, na dizeli isiyo na moto inaunguza vibaya na kujisaga. Nikanunua mpya ya nyuzi 82, kabla ya kuifunga nikaitia kwenye sufuria ya maji jikoni na kipimajoto, nikasubiri. Kwenye 80 imefunga, kwenye 83 hivi ikaanza kuachia kamlango kake kidogo kidogo kama jicho la mtu anayeamka, karibu na 95 imefunguka yote. Nilikaa naiangalia ikifunguka na kufunga mara tatu. Kama una mpya au ya zamani ijaribu hivyo hivyo, ni dakika kumi tu.

Kuulanti nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, mfuniko mpya, hozipaipu mbili zilizokuwa laini kama sponji nikabadilisha, rejeta nikaiosha kwa maji ya presha ndogo kutokea upande wa injini kwenda nje ili takataka zirudi zilikotoka. Geji ya joto sasa inapanda mpaka chini kidogo ya nusu na inaganda hapo.

Kupaki kwenye mteremko nako nikakupatia jibu, na hili liliniuma zaidi kwa sababu lilikuwa dogo. Dizeli haina plagi za cheche, hewa inabanwa mpaka inapata moto wa kuwasha mafuta, ila injini ikiwa ya baridi chuma kinanyonya ule moto, ndo kuna hita plagi za kusaidia. Zetu nne nikazipima kwa mita, nzima inatakiwa isome kama ohmu moja au chini ya hapo, tatu zilikuwa hazisomi chochote, zimekufa. Alafu waya mnene wa ethi, ule unaotoka nege ya betri kwenda kwenye injini, kichwa chake kilikuwa cha kijani chote kwa kutu. Nikaweka mita kati ya nege na injini, mdogo wangu akapiga stata, nikasoma volti 1.8 wakati hata nusu volti ni nyingi. Yaani umeme unaishia njiani, stata inazunguka kivivu, hita hazipashi, kwa hiyo baba alikuwa anaiachia ishuke mteremko anaishtua kwa gia. Hita plagi nne na waya mmoja. Asubuhi yake tukiwa uwanja wa tambarare kabisa nikasubiri taa ya hita izime, nikageuza ufunguo, ikashika kabla sijamaliza kugeuza vizuri.

(Kabla ya kuiwasha nilishamwaga dizeli ya zamani yote. Dizeli iliyokaa muda mrefu maji yanajitenga yanalala chini ya tenki, na pale maji yanapokutana na dizeli vijidudu vinaota vinatengeneza utelezi mweusi unaoziba filta. Tenki likatoka na kama nusu lita ya maji. Filta mpya, pampu ya mkono ya juu ya filta unaibonyeza mpaka iwe ngumu, ndo unapiga stata.)

Teipu nyeusi sikuielewa mpaka mwisho. Niliifikiria ni ya waya tu. Kuna siku nafuta dashibodi kwa kitambaa nikahisi kitu kwenye kona ya geji, kipande kidogo cha teipu kimekatwa kwa makini sana kama kucha, kimebandikwa juu ya taa moja. Nikakibandua. Taa ya taimingi belti, ule mkanda wa raba unaooanisha mzunguko wa injini na valvu zake, nyekundu, inawaka.

Pikapu nyingi za dizeli za miaka ile zina hiyo taa, ikifika kila kilometa 100,000 inawaka kukukumbusha ubadilishe belti. Nikatambaa na tochi mpaka kwenye kava la belti nikalifuta, na mwandiko wa baba ulikuwepo pale kwa maka peni, umefifia, "180". Maana yake belti iliwekwa kwenye kilometa 180,000, taa ikawaka kwenye 280,000, na sasa tuko 294,000 na zaidi. Hapo nilizima gari na sikuiwasha tena mpaka belti mpya ilipofika.

Hiki ndo kitu kimoja ambacho nakuomba usikichukulie poa. Taimingi belti haina dalili, haipigi kelele, hailegei ukajua, inazunguka vizuri mpaka sekunde inayokatika. Kwenye injini kama hii inazungusha kamshafti na pampu ya dizeli kwa pamoja, ikikatika valvu zinabaki zimening'inia na pistoni inakuja inazigonga, na injini nzuri inakuwa chuma chakavu barabarani. Na raba inazeeka hata gari isipotembea, watengenezaji wengi wanaweka kikomo cha kilometa na cha miaka, kinachotangulia ndo hicho. Kama gari uliyorithi ina belti na hakuna alama wala karatasi inayosema ilibadilishwa lini, badilisha, usijadili. Badilisha pamoja na tenshona na beringi yake, na sili za mbele za kamshafti na krenkishafti maana ndo umeshafika hapo. Fundi alifunga, akaoanisha alama zote, alafu akazungusha injini kwa spana, kwa mkono, mizunguko miwili kamili, akaangalia alama kama bado zinakutana, ndo akaruhusu stata. Belti ya zamani nilipoikunja kinyume ilionyesha nyufa kila jino. Nimeitunza.

Kwa nini baba aliziba ile taa nimejiuliza sana. Wakati inawaka alishaanza kwenda hospitali kila wiki. Nafikiri hakutaka mama aione akaongeza kuwa na wasiwasi.

Mambo mengine yalikwenda haraka. Oili ya injini 15W-40 na filta, nikaandika tarehe na kilometa juu yake. Eya klina ilikuwa na kiota cha panya kilichojengwa kwa sponji ya siti, bahati nzuri upande wa kabla ya filta. Nipeli za grisi za propela na shekeli za springi nikazipampu mpaka grisi ya zamani ikatoka pembeni. Beringi za mbele nikaziosha kwa mafuta ya taa nikazijaza grisi upya kwa kiganja. Chesisi nikaigonga kwa nyundo ndogo kutoka mbele mpaka nyuma nikisikiliza, inalia vizuri, isipokuwa karibu na shikio la springi ya kulia ambapo tope lilikaa ndani likala chuma, pale palichomelewa bamba. Matairi manne yana namba 2311 mwishoni mwa msimbo wa DOT uliogongwa kwenye tairi, wiki ya 23 mwaka 2011, yote yana nyufa ubavuni, yametoka. Spea ndo ilinishangaza, ina tarakimu tatu tu, 386, na tarakimu tatu zilitumika kabla ya mwaka 2000, kwa hiyo ni wiki ya 38 mwaka 1996, ni tairi iliyokuja na gari, haijawahi kugusa barabara, meno yote yapo kama jana. Ukiliangalia unaweza kulifunga. Usilifunge, raba ya umri ule inaweza kuachana tabaka ukiwa kwenye kasi.

Gia namba mbili bado. Oili ya giaboksi nimebadilisha, na hapa kuna kosa ambalo fundi aliniokoa nalo, fungua kwanza bolti ya juu ya kujazia kabla hujamwaga kwa bolti ya chini, maana ukishamwaga alafu ya juu ikagoma kufunguka umebaki na gari isiyo na oili na huna pa kuijazia. Nimeweka oili ya daraja la GL-4 kama kitabu kinavyotaka, baadhi ya GL-5 zina kemikali ambazo hazipatani na shaba ya sinkronaiza, ile ringi inayosawazisha mwendo wa gia kabla hazijaingiana. Sumaku ya bolti ilikuwa na unga mwembamba tu, hakuna vipande. Imekuwa nafuu ikishapata moto, lakini asubuhi inakwaruza, sinkronaiza imeisha na dawa yake ni kushusha giaboksi. Kwa sasa nafanya alivyokuwa anafanya baba, klachi, nyutro, natulia, klachi tena, mbili. Inaingia laini kabisa.

Jumapili iliyopita nilimpeleka mama. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa kwenye siti ile tangu msiba. Hakusema kitu njiani, alikuwa anaangalia mguu wangu kwenye breki, nikikanyaga mara moja anageuka ananiangalia usoni. Tulipofika nikapaki mlangoni, uwanja una kamteremko kidogo, nikavuta hendibreki, nikazima. Kabla sijachomoa ufunguo mama ameshafungua mlango, amenyoosha mkono nyuma ya siti, ameshuka na kabari.

Nikamwambia, "Mama, sasa hivi inashika."

Akasema, "Najua," akainama akaisukumiza chini ya tairi.